Kofia ya Msomaji

Mume wangu Muhiddin ana usemi wake juu yangu: Rukaiya hushuku hata chumvi. Anasema nikirudi dukani lazima niionje kwanza, nisije nikawa nimepewa sukari. Simbishii. Nimezaliwa Malindi, mtaa wa hapa mjini karibu na bandari, na mtu aliyekulia pale hujifunza mapema kwamba mzigo wowote unaoshushwa, chini yake pana kitu ambacho hakikutajwa. Kwa hiyo ilipotangazwa filamu ya Mji wa Maji Saba, na mtaa mzima ukashangilia, mie nilikaa nikajiuliza nani kawaruhusu.

Lakini nianze na Bi Tahiya, maana haya yote ni yake.

Bi Tahiya ni Mtumbatu. Mjini aliletwa na ndoa. Mumewe alikuwa mchukuzi wa bandarini, mtu mpole, akafa mapema akamwachia chumba cha chini katika nyumba kongwe hapo Malindi, chenye mlango mpana unaoingiza upepo. Hawakujaaliwa mtoto. Ndugu zake wote wako Tumbatu, na mkondo ule wa bahari, ingawa ni mwembamba, mtu akishaolewa mjini unampanukia. Akapata kazi ya kufagia maktaba. Alikuwa akifagia huku anasoma, fagio mkono huu, kitabu mkono huu, na siku waliyotupa vitabu vilivyochakaa aliomba kimoja kisichokuwa na jalada. Alikishona mgongo kwa uzi wa kofia, akakivisha karatasi ya kaki, akenda nacho kwake.

Sisi wengine ni washonaji wa kofia za vito, zile za vitundu vya uzi. Kila siku baada ya adhuhuri tulikuwa tukikusanyika chumbani kwake kwa ajili ya upepo ule, tunatandika mkeka, kila mmoja na kofia yake. Sasa wanawake wakishona pamoja, mikono ina kazi, midomo haina. Tulisengenya watu mpaka wakatuishia, tukaanza kusengenyana wenyewe. Siku moja nilimtuhumu Sichana, mdogo wetu kuliko sote, kwamba kaniibia uzi, na Sichana naye hana mdomo wa kuazima. Pakazuka maneno hata kofia zikarushwa. Bi Tahiya hakuamua ugomvi. Aliinuka, akachukua kitabu chake kabatini, akakaa, akaanza kusoma bila ya kumuuliza mtu. Alikileta kutuziba midomo, na kilituziba.

Kushona vito ni kazi ya macho. Unatoboa kitundu kwa ncha ya msumari, unakizungushia uzi, unakwenda kingine. Ukiinua uso kidogo tu, sindano imo kidoleni na damu ishatia doa kofia ya Idi ya mtu. Basi msomaji hashoni, na mshonaji haangalii. Tukapanga hivi: kofia ya Bi Tahiya inakaa katikati ya mkeka, ndani ya kikapu cha ukindu, na kila mmoja akimaliza safu yake anaichukua ile, anaitia safu moja, anairudisha. Tukaiita kofia ya msomaji. Ilikuwa ikitoka na mikono yetu sote, safu hii imekaza, ile imelegea, na mwenye duka akiijua kwa kuitupia jicho tu. Akilalamika tunamwambia hiyo imeshonwa na kitabu.

Kitabu chenyewe, Mji wa Maji Saba, ni kisa cha Mize, msichana wa kisiwani ambaye kaka yake, Kombo, anachukuliwa na Sultani wa Maji. Mize anashuka kumtafuta, maji ya kwanza, maji ya pili, mpaka ya saba, na kila maji yana mlinzi wake. Anaongozwa na Kaa Mzee, ambaye hutembea upande na hujibu upande: ukimuuliza njia iko wapi, anakuuliza wewe umekula nini. Huyo Kaa Mzee tulimpenda kama mjomba. Kwenye maji ya saba pana lango la matumbawe, halifunguki mpaka anayetafutwa aitwe jina alilokuwa akiitwa na mama yake utotoni. Mize anaita. Lango linafunguka, Kombo anatoka, wanapanda pamoja mpaka kwao. Mama yuko uani anapepeta mchele. Anapomwona, ungo unamponyoka, mchele unatawanyika chini, na yeye hasemi ila hili: "Umechelewa, mwanangu. Chakula kimepoa."

Hapo chumba kizima tulikuwa tukisema pamoja na Bi Tahiya, sindano zimesimama, nyuso kwenye kofia.

Na kwa nini tulikipenda vile, basi ni kwa ajili ya Amne. Amne anakaa Mtoni, ni mshonaji mwenzetu, mwanamke mkimya anayeshona safu mbili wenzake wakishona moja. Mwanawe wa pekee, Suhail, alikuwa baharia wa meli za nje. Alikuwa akipiga simu kila anapotia nanga, kisha simu zikakoma. Kampuni ikasema ameshuka bandari fulani hakurudi melini. Mwenzake mmoja akasema sivyo, alianguka. Hapana maiti, hapana habari. Amne hakuweza kukaa matanga na hakuweza kutokaa. Mwaka ule ule ndio Bi Tahiya alianza kutusomea, na Amne alikuwa akija anakaa ukutani, kofia mapajani, hashoni wala hali. Tukimpa chakula anakisogeza kwa jirani.

Tulifika mwisho wa kitabu mwezi wa Shaabani, kofia za Idi zimetuelemea. Bi Tahiya alisoma taratibu siku hiyo kuliko siku zote. Mama wa Kombo aliposema chakula kimepoa, Amne alilia kwa sauti, kilio ambacho hatukuwahi kukisikia kwake tangu habari ile. Alilia mpaka akachoka, kisha akauliza kama pana chochote cha kula. Sichana alikimbia kwao akaleta wali na mchuzi wa papa, na Amne akala, na sote tukamwangalia anakula kama tunaangalia mwezi wa Idi.

Tokea hapo kitabu kikawa cha kila mwaka. Tunakianza Rajabu, tunakifunga Shaabani kwa visheti na kahawa na chetezo cha ubani. Tulikijua kitabu kile. Mtu wa nje akikosea jina la mlinzi wa maji ya tano, tulikuwa tukimrekebisha watu watatu kwa mara moja. Na Bi Tahiya, mwanamke asiyekuwa na mtoto wala ndugu mjini, alikuwa na chumba kinachojaa kila siku. Hicho ndicho alichokuwa nacho duniani, na kila mtu mtaani akijua hivyo.

Sasa filamu. Aliyeitengeneza ni kijana mmoja, Abdulrazak, mzaliwa wa hapa aliyekulia Dar es Salaam. Alikuja na wenzake na makamera, wakaenda kwenye magofu ya kasri ya Mtoni, wakatundika vitambaa vya buluu kuta nzima, hapo pakawa kwa Sultani wa Maji. Amne alikuwa akiwaona akipita. Akatuhadithia, wenzangu wakafurahi mno, Sichana akasema tutaona kwa macho tuliyoyasikia. Mie nikawaambia: mtu akija kumpiga picha mtoto wako, kwanza muulize anampeleka wapi. Wakaniambia nshaanza.

Nilikuwa na sababu. Siku moja nilikuwa napita na ndoo yangu ya samaki, nikamwona kijana yule anatoka mlangoni kwa Bi Tahiya, kapewa na kopo la visheti. Bi Tahiya alikuwa nyuma yake, macho mekundu. Aliponiona mie alishusha pazia. Jamani, sote tunaingia na kutoka pale kama kwetu, tokea lini pazia linashushwa mchana? Nililiweka moyoni.

Ilipofika siku ya kuoneshwa, tulialikwa kwenye bustani ya hoteli moja Mbweni, baada ya magharibi. Tulivaa sare. Khanga niliichagua mie, na maandishi yake yalisema: Kwanza nione ndipo nikusifu. Sichana aliniuliza kama tunakwenda kutazama au tunakwenda kugombana. Tukakaa safu ya mbele, Bi Tahiya kati, Amne kulia kwake.

Walianza vibaya. Mize alikuwa na kucha ndefu za rangi, msichana wa kisiwani achokoe pweza kwa kucha zile. Sultani wa Maji alizungumza kama kondakta wa Kariakoo. Maji saba yalikuwa matatu. Sichana akawa anahesabu kwa sauti na kuuliza maji ya nne yamekaukia wapi. Lango la matumbawe lilitikisika Mize alipoliegemea. Yote hayo ningeyameza. Lakini Kaa Mzee hakuwemo. Hakuwemo kabisa. Mahali pake waliweka kijana kifua wazi, mvuvi, anampenda Mize na Mize anampenda, wanatazamana mpaka unataka kuwapisha. Nilimngoja Kaa Mzee filamu nzima, kila kitu kikitambaa nasema ndiye. Hilo mpaka leo sijawasamehe.

Kisha mwisho. Mize akaita jina, lango likafunguka, Kombo akasimama mbele yake mkubwa sawa na ukuta wa hoteli. Akamtazama dada yake, wala hakumjua. Maji yameshamwosha majina yote. Akageuka akarudi ndani, na lango likafungwa. Mize akapanda peke yake. Mama alikuwa uani, akamwona binti karudi bila ya mtu, akaichukua sahani ya Kombo akaifunika kawa ya ukindu. Basi. Watu wakapiga makofi.

Mie nilisimama nikasema sivyo. Nikasema tena kwa nguvu, si hivyo, mmeiharibu, na mlinzi wa hoteli akaja kuniomba nikae. Nilipogeuka, Amne hayupo. Alikuwa anakwenda zake kwenye giza la miti, viatu mkononi. Na hapo nikaona jambo jingine. Sote tulikuwa tumehamaki, Sichana analia kwa hasira, lakini Bi Tahiya hakuwa akiitazama filamu wala hao waliopiga makofi. Alikuwa akiutazama mgongo wa Amne. Nalo nikaliweka.

Kesho yake vita vikaanza. Sichana alifungua kundi kwenye simu, wakaingia washonaji wa Bububu, wa Chukwani, wote waliokipata kisa kutoka kwetu, na kila mmoja ana sauti yake ya kumlaani Abdulrazak. Wengine walisema kaigeuza ili awapendeze wazungu, ambao bila ya msiba hawaoni raha. Wengine walisema mvuvi yule ni shemeji yake. Tukakubaliana twende redioni tukaseme mbele ya watu kwamba kitabu kimedhulumiwa, na msemaji awe Bi Tahiya na kitabu chake mkononi, maana nakala nyengine hatujapata kuiona.

Bi Tahiya akakataa. Alisema filamu ni filamu, waacheni, wameshapika chakula chao wale. Nikamwambia basi tupe kitabu, tutakwenda wenyewe. Akasema kakiazimisha. Na mie hapo nilipokaa nakiona, karatasi yake ya kaki imechomoza chini ya mto. Nikakumbuka pazia. Nikakumbuka visheti. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nilimwambia mbele ya wote, sikumng'ong'a kisogoni. Nilimwambia: "Bi Tahiya, wewe umeuza mwisho wetu. Kijana yule ulikaa naye humu, mkakubaliana."

Nilitaka abishe. Nilitaka anitukane, tumalizane. Yeye aliinama akaanza kuokota vipande vya uzi mkekani, kimoja kimoja. Mtu asiyekuwa na kosa hujitetea, ndivyo nilivyowaambia wenzangu nje.

Siku hiyo hapana aliyeitia safu kofia ya msomaji. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Sichana alisema uani kwao pana kivuli kizuri, tukahamia huko. Amne hakuja huku wala kule, alikuwa ndani kwake Mtoni. Nikipita Malindi naona mlango mpana uko wazi, mkeka umetandikwa kama tunatarajiwa, na Bi Tahiya amekaa peke yake na kikapu mbele yake. Kofia ilikuwa imefika nusu. Hakuigusa mwenyewe, kwa sababu kofia ya msomaji msomaji haishoni. Roho iliniuma, nasema kweli, lakini niliiambia roho ingoje ushahidi.

Ushahidi nikaufuata Mbweni. Abdulrazak alikuwa bado hotelini pale, na alipoambiwa pana bibi anamtaka kwa shari alishuka mwenyewe, akanipa shikamoo nzuri, akaniagizia juisi ya ukwaju. Sikuigusa. Nikamuuliza nani kampa ruhusa ya kuugeuza mwisho wa Mji wa Maji Saba.

Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema: "Bi mkubwa, Kaa Mzee nimemtoa mie, na maji nimeyapunguza, na mvuvi ni wangu, nilaumu. Lakini mwisho sikuugusa. Huo ndio wa kitabu. Aliyeniomba niugeuze ni Bi Tahiya. Nilikwenda kumsalimia kwa heshima, akanishika mkono analia, akanambia mrudishe Kombo. Nikamwambia siwezi, kitabu kina mwenyewe, na mwenyewe keshakufa."

Akaniletea kitabu kipya, kimechapwa tena kwa ajili ya filamu, jaladani yumo yule mvuvi. Nilikaa kwenye ukuta wa barabarani nikakisoma. Kusoma najua, nimesoma skuli mpaka darasa la saba, ila macho yangu nimeyapa kofia. Nikasoma ukurasa wa mwisho, nikarudi nyuma, nikasoma tena. Hapakuwa na mchele uliomwagika. Hapakuwa na chakula kilichopoa. Palikuwa na sahani na kawa.

Mtu mwengine angeamini. Mie nikasema: hiki wamekichapa wao. Aliyeweza kugeuza filamu atashindwa nini kugeuza kitabu? Ushahidi uko kwenye kile cha zamani, kilichoshonwa kwa uzi wa kofia, na hicho nitakifungua mbele ya watu wote.

Nikawaita wote, kwa simu na kwa miguu. Amne nilimfuata Mtoni mwenyewe, nikamwambia leo atajulikana mwongo ni nani, filamu au Tahiya, na wewe ndiye mwenye haki ya kuwepo. Alivaa buibui lake, akachukua mkoba wake wa sindano, tukafuatana.

Tulipoingia, Bi Tahiya alituona tulivyo wengi akajua. Sikuhitaji kusema. Alikwenda kwenye mto, akakitoa kitabu, akanipa kwa mikono miwili. "Soma wewe, Rukaiya," akasema, "mie nshachoka." Akakaa pembeni, mahali ambapo kwa kawaida hukaa wageni.

Nikakifungua. Kurasa zake zote zilikuwa zimesawijika pembeni kwa kidole cha Bi Tahiya, za mwanzo, za katikati, mlinzi wa tano, lango la matumbawe. Nikafika karatasi ya mwisho. Hiyo ilikuwa nyeupe, pembe yake kali kama imetoka kiwandani leo. Na maneno yalikuwa ni yale yale ya kitabu kipya, hata nukta. Kombo hamjui dada yake. Lango linafungwa. Mama anaifunika sahani kawa.

Basi nikaelewa. Miaka yote ile, akifika kwenye lango, mwanamke huyu alikuwa anasimamisha kidole hapo, na yanayobaki anayatoa moyoni. Hatukujua, kwa sababu hapana hata mmoja wetu aliyewahi kuinua uso. Hatukukisoma kitabu kile hata siku moja. Tulimsikiliza Tahiya.

Nikapandwa na hasira, nisiseme uongo. Nilitaka kuwaambia pale pale: huyu katudanganya, tumepigana na watu wa Mungu kwa jambo alilolitunga mwenyewe. Neno lilishafika kwenye ulimi. Nikamtazama. Alikuwa ameinama anaitazama mikono yake, mitupu, haina sindano wala kitabu. Nikageuka nikamkuta Amne ananitazama mie.

"Kinasemaje?" Amne akauliza.

Uzi wa Sichana ulikuwa bado unapita kwenye kitambaa. Nikakiinua kitabu karibu na uso, ili wasione macho yangu yanakwenda wapi. Nikasoma. Nikasoma kwamba Mize aliita jina, lango likafunguka, Kombo akatoka. Nikasoma kwamba walipanda maji ya sita na ya tano na ya nne, mie sina kisomo cha Bi Tahiya, nilikuwa nakwenda mbio, nikawafikisha uani, nikaumwaga mchele. "Umechelewa, mwanangu," nikasema, na wenzangu wakadakia pamoja nami, wengine wanalia, "chakula kimepoa."

Nikafunga kitabu. Sichana akapiga paja akasema si mliona, filamu ndiyo mwongo. Bi Tahiya alikuwa kainua uso ananitazama kama hajapata kuniona.

Amne peke yake ndiye hakudakia.

"Rukaiya," akasema, "ulikuwa hugeuzi ukurasa."

Nikakiweka kitabu mapajani.

"Na Tahiya naye hapo alikuwa hageuzi. Tokea mwaka ule wa mwanzo. Mie sikuwa nikishona mwaka ule, macho yangu yalikuwa hayana kazi."

Sichana alibaki na kiganja juu ya paja. Mimi, ninayeonja chumvi, nimekaa kwenye mkeka huo miaka yote, na aliyeona ni yule ambaye hatukudhani anaona lolote. Bi Tahiya alifungua kinywa, nadhani alitaka kuomba radhi, lakini Amne alimnyooshea mkono anyamaze.

"Nnajua kama mwanangu harudi," akasema. "Siku ile nilikuwa na njaa, na wewe ukanipa cha kula. Kule Mbweni sikuondoka kwa sababu wamesema uongo. Niliondoka kwa sababu kujua nnajua, lakini sikutaka kuoneshwa."

Akavuta kikapu cha ukindu. Akaitoa kofia ya msomaji, akaipangusa vumbi kwa upindo wa khanga, akatia uzi sindanoni, akaanza safu pale tulipoiachia. Alitoboa kitundu, akakizungushia, akatoboa cha pili. Kisha bila ya kuinua uso akasema:

"Soma wewe, Bi Tahiya, tokea langoni. Rukaiya ana haraka. Chakula hakipoi upesi hivyo."

Nikamrudishia kitabu, naye akatafuta miwani yake.